Kodi inaisha Desemba, nyumba imefika kwenye sakafu: tailizi nyumba nzima, niru, au mkeka wa plastiki?

Mtoto wa Chanika (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nimejenga Chanika, vyumba vitatu, kimoja masta. Bati lipo, lipu ndani na nje tayari, nondo za madirisha zimefungwa, mita ya LUKU imewekwa wiki iliyopita. Imebaki sakafu, jipsamu, milango ya ndani na rangi. Chini ni jamvi tupu, yaani zege la chini ambalo halijasakafiwa, lilimwagwa mwaka jana mwezi wa tatu.

Ninapopanga Tabata kodi inaisha mwisho wa Desemba na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Nikimpa hiyo hela, sakafu naisahau mpaka mwakani. Kwa hiyo nahamia, hilo limeshapita, msinishauri nisubiri.

Hela ya sakafu peke yake ni milioni mbili na nusu. Vipimo vya ndani kwa mita:

Sebule 5 x 4.5
Dainingi 3.5 x 3
Masta 4 x 3.5
Vyumba viwili, kila kimoja 3.3 x 3
Jiko 3 x 3
Korido 1.2 x 6
Vyoo viwili, kila kimoja 1.5 x 2

Fundi wangu anasema nichukue tailizi za bei ya chini nimalize nyumba nzima, yaishe. Mke wangu ameona mkeka wa plastiki wenye mistari ya mbao, anasema tutandike juu ya jamvi tuingie. Mimi nawaza niru (saruji tupu inayosuguliwa mpaka ing'ae) kila mahali, tailizi zije taratibu. Mama yangu, miaka 71, anahamia na sisi.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mshamba wa Mjini

Ngoja niweke kigoda hapa. Mimi hata kiwanja sina ila nyuzi za ujenzi sizikosi.

Mama Pacha

Hongera sana kaka. Umeshatoka kwenye kelele za mwenye nyumba, hilo peke yake ni sherehe.

Sisi tulihamia Mbezi Makabe nyumba ikiwa na jamvi tupu. Kilichotutesa ni vumbi, wala si sura ya sakafu. Jamvi lisilosakafiwa linatoa vumbi la saruji kila ukifagia, linaingia kwenye nguo, kwenye sufuria, na watoto walikohoa mpaka tukaogopa. Ukimwagia maji linatulia saa mbili, kisha linarudi. Chochote utakachoamua, mzazi wako asilale kwenye chumba chenye jamvi tupu.

Na vyoo vianze. Sebule wageni watakusamehe. Choo ambacho hakijaisha unakiingia kila siku.

fundi_tegeta

Mkuu, vipimo vyako nimevijumlisha: mita za mraba 89. Vyoo ukivitoa zinabaki 83.

Boksi la 60 kwa 60 lina tailizi 4, yaani mita za mraba 1.44. Chukua 83, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 91.3. Gawa kwa 1.44, ni boksi 64. Hapo hujaweka skatingi, ile mistari ya tailizi chini ya ukuta. Tailizi moja ya 60 ukiikata vipande sita vya sentimita kama 10 inakupa mita 3.6 za skatingi. Kuta zako ukizunguka vyumba vyote ukatoa milango unabaki na mita 86 hivi, kwa hiyo tailizi 24, boksi 6 tena. Jumla 70. Muuzaji akikwambia 58 zinatosha anataka urudi baadaye ukute rangi ile imekwisha.

Sasa kabla ya boksi kuna kitu hujataja, na fundi wako naona hajakwambia. Jamvi lako halijasakafiwa. Tailizi haziwekwi juu ya jamvi lililomwagwa kwa pauro na kusawazishwa kwa macho. Chukua ubao ulionyooka wa mita mbili, uweke chini sehemu mbalimbali, halafu angalia kiganja kinapita wapi chini yake. Utakuta sehemu zina shimo la sentimita tatu. Hiyo sentimita tatu fundi wa bei nafuu anaijaza kwa udongo wa kubandikia (saruji na mchanga), na ndiyo mwanzo wa tailizi kulia kopo ukigonga.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni sakafu ya kusawazisha nyumba nzima, sentimita 4. Mita 89 mara 0.04 ni kyubiki (mita za ujazo) 3.56. Kwa uwiano wa saruji ndoo moja mchanga ndoo nne, weka mifuko 28 ya kilo 50. Ukimaliza hapo ndipo uhesabu hela iliyobaki inanunua nini.

Mtoto wa Chanika

Fundi, asante. Nimepima leo asubuhi kwa ubao kama ulivyosema. Dainingi kiganja kinapita. Sebule karibu na mlango mkubwa kinapita kiganja na chupa ya maji juu yake. Fundi wangu nilipomuuliza akasema "hiyo tutaila kwenye udongo bosi, usiwe na wasiwasi."

fundi_tegeta

Ndiyo nilichosema. Badili fundi, au mbakize kwenye lipu.

Mhandisi Mstaafu

Kijana, marahaba.

Naunga mkono hesabu ya fundi, ila naongeza ya chini zaidi. Jamvi lilipomwagwa, chini yake kuliwekwa nailoni? Namaanisha nailoni nzito inayotandazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa kabla ya zege, ile inayouzwa kwa jina la geji 1000. Na dawa ya mchwa je? Uliza, maana Chanika ina mabonde na mvua za masika hupandisha maji ya ardhini. Pasipo nailoni unyevu utapanda kwenye zege miaka yote. Marumaru, yaani hizo tailizi zenu, haitaonyesha sana, isipokuwa kwenye mistari yake itakayokuwa na chumvi nyeupe. Mkeka wa plastiki ndio utakaoumbuka: unyevu hauna pa kutokea, unakaa chini yake, ukungu mweusi unaota, na chumba kinanuka hata ukipiga deki asubuhi na jioni.

Kipimo ni rahisi. Kata nailoni angavu kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike kwenye jamvi kwa selotepu kingo zote nne kusiwe na upenyo, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone ndani yake, au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, mkeka hauna nafasi hapo kwa sasa. Fanya vyumba vitatu tofauti, na kimoja kiwe kile kilicho upande wa chini wa kiwanja.

Tena usichanganye mambo mawili. Zege la mwaka jana limekwisha kukomaa, lakini ukisakafia juu yake unaleta maji mapya. Kanuni inayotumika sana ni milimita moja kwa siku kukauka. Sentimita 4 ni siku 40, na hapo hewa iwe kavu. Kwa joto na unyevu wa Pwani usiihesabu chini ya hapo. Marumaru zinavumilia sakafu ambayo haijakauka sawasawa. Mkeka na mbao za laminate hazivumilii.

Mtoto wa Chanika

Shikamoo mzee. Nailoni iliwekwa, nilikuwepo siku hiyo na picha ninazo. Dawa ya mchwa ilipigwa, dumu niliona, kilichokuwa ndani ya dumu Mungu ndiye anajua.

Mshamba wa Mjini

😂😂 Hilo la dumu limenigusa.

Dada wa Sinza

Mimi niko upande wa wifi. Mkeka ule ni mzuri, unautandika ndani ya siku moja umeingia. Kama kipimo cha mzee kikitoka kikavu, kwa nini mwenzetu asiutandike vyumbani tu?

Mhandisi Mstaafu

Kikitoka kikavu na sakafu ikawa imenyooka, autandike, sina ugomvi. Ila lazima kwanza iwe imenyooka. Mkeka wa roli ni mwembamba, kokoto moja iliyochomoza kwenye jamvi utaiona juu yake baada ya mwezi, na kitanda kitatoboa palepale. Kwa hiyo gharama ya kusawazisha haiukwepi kwa kuchagua mkeka.

Muuza Duka K/koo

Wadau, mimi nauza hivi vitu, nitasema ya upande wangu bila kutaja bei maana zinabadilika kila kontena likiingia na wengine wataniita dalali.

Siku hizi mzigo mwingi ni wa hapahapa, Mkuranga na Chalinze kuna viwanda, na ubora wa gredi ya kwanza hauna shida kwa nyumba ya kuishi. Tatizo liko kwenye gredi. "Bei ya chini" mara nyingi ni gredi ya pili au mabaki ya mzigo. Tailizi zimepinda kidogo au zinatofautiana ukubwa milimita moja au mbili. Mteja dukani haoni. Fundi akianza kupanga ndio mistari inakataa kukutana.

Ukija dukani fanya hivi. Toa tailizi mbili kutoka maboksi mawili tofauti, zilaze uso kwa uso. Zikicheza kama bembea, zimepinda. Kisha zipange ubavu kwa ubavu upitishe kidole kwenye kingo. Soma ubavuni mwa boksi: kuna namba ya rangi na namba ya saizi. Maboksi yote yawe na namba zilezile. Nyeupe ya mzigo huu na nyeupe ya mzigo ule si nyeupe moja, na taa ya sebuleni itakuonyesha.

Halafu geuza tailizi, dondoshea maji mgongoni. Ikinywa mara moja ni ile ya kawaida ya udongo. Maji yakikaa juu ni poseleni, kwa viwango vya kimataifa hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Poseleni ni ngumu zaidi, inafaa sebule na korido, lakini mwambie fundi wako mapema ni ya namna gani kwa sababu kubandika kwake ni tofauti.

fundi_tegeta

Hapo kwenye kubandika niongeze, maana ndiko fedha za watu zinakozama. Tailizi ya kawaida inanyonya, kwa hiyo udongo wa saruji na mchanga unaishika. Poseleni hainyonyi. Ukiibandika kwa saruji tupu inakaa kwa uzito wake tu. Mwaka wa kwanza iko sawa, wa pili unaanza kusikia kopo, siku moja mchana wa jua inalipuka katikati ya sebule tailizi mbili zinasimama kama paa la kibanda. Watu wanadhani ni majini. Poseleni inataka gundi yake ya unga.

Fundi Saidi wa Mbagala

Mkuu wa Tegeta unawatisha watu ili wanunue gundi. Nimebandika kwa saruji miaka mingi na nyumba zipo. Shida ni mafundi kutoloweka tailizi na kuweka donge katikati na pembe nne.

fundi_tegeta

Nyumba zako za zamani zilikuwa tailizi za 30 kwa 30 za udongo, na kuloweka kulikuwa sahihi kabisa kwa hizo. Leta poseleni ya 60 uiloweke usiku kucha, asubuhi ipime, uzito ni uleule. Kuhusu madonge tuko pamoja. Gundi au udongo ujae mgongo mzima, ukikwangua kwa mwiko wa meno, bandika moja, kisha ing'oe hapohapo uangalie mgongo. Palipo pakavu ndipo patakapovunjika kisigino cha kiatu kikitua.

Fundi Saidi wa Mbagala

Hilo la kung'oa na kuangalia nakubali. Na nafasi ukutani. Vijana wanasukuma tailizi mpaka igusane na lipu pande zote, na kati ya tailizi na tailizi wanabana kabisa kwa sababu mwenye nyumba anataka "zisionekane mistari". Joto likija zinatanuka, hazina pa kwenda, zinapanda juu. Acha milimita 8 au 10 kandokando mwa ukuta, skatingi itafunika. Kati weka spesa za milimita mbili au tatu. Nusu ya hizo "zilizolipuka" nilizoitiwa sababu ni hiyo, wala si saruji.

Mhandisi Mstaafu

Mmeona sasa, mafundi wawili wakibishana kwa hoja mwenye nyumba anafaidi.

Mwana wa Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Nasoma huu uzi kwa sababu niko hatua ileile, Kitengela. Kwetu udongo ni ule mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na slabu yangu ina nyufa mbili ndefu. Fundi anataka kuzifunika kwa tailizi. Je, zitatokea juu?

Mhandisi Mstaafu

Zitatokea kama bado zinatembea. Paka kipande chembamba cha saruji laini kukatiza ufa, sehemu mbili tatu, uandike tarehe kwa msumari kabla hakijakauka. Kikipasuka baada ya mvua na kiangazi kupita, ufa ungali hai na tatizo ni la msingi au la kifusi, marumaru hazitalitibu. Kikibaki kizima ujaze ufa uendelee. Kwa udongo mweusi usikubali kuharakishwa, subiri upite msimu mzima.

Mwana wa Kitengela

Asante mzee. Nitaweka alama wikendi hii.

BintiUnguja

Jamani kila mtu tailizi, tailizi. Nyumba ya bibi yetu Mji Mkongwe sakafu ya juu ni boriti za mikoko, mawe na chokaa iliyopondwa siku nyingi, na watu wanaikanyaga hadi leo. Sisemi mwenzetu akaponde chokaa Chanika. Nasema niru iliyopigwa vizuri na kutiwa rangi nyekundu ni sakafu kamili, wala si ya kusubiria. Skuli tulizosoma zote zilikuwa hivyo, ukipiga dawa ya sakafu unajiona uso. Nyumba ikiwa ya joto unalala chini kwenye mkeka wa ukindu, raha yake hamuijui.

Mama Pacha

Dada wa Unguja umenikumbusha kusugua kwa kifuu cha nazi 😅. Lakini kaka anataka kuja kubandika tailizi baadaye, je inawezekana juu ya niru?

fundi_tegeta

Hili ndilo swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi, na jibu linabadilisha mpango mzima.

Niru ni saruji tupu iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo. Tailizi haiishiki. Ukitaka kubandika baadaye lazima niru yote itobolewe kwa tindo, vidonda vidonda sakafu nzima, na fundi atakudai hela ya kuharibu kile ulichomlipa mwenzake kukitengeneza. Kwa hiyo amua leo chumba kwa chumba. Chumba utakachokiacha na niru moja kwa moja, pigia niru, tia oksaidi nyekundu (ile rangi ya unga), yaishe. Chumba kitakachopata tailizi baadaye, sakafia usugue kwa ubao tu ibaki na mikwaruzo, usiweke niru. Vumbi litapungua sana ukilinganisha na jamvi, na ukitandika mkeka wa plastiki wa bei ndogo juu yake baada ya kukauka utakaa mwaka au miwili bila shida. Siku hela ikija unaviringisha mkeka, unafagia, unabandika.

Mhandisi Mstaafu

Na urefu! Asisahau milango. Sakafu ya sentimita 4, kisha tailizi na gundi yake sentimita moja na nusu. Milango ya ndani ikitundikwa leo kwa kipimo cha sakafu tupu, siku ya tailizi hakuna utakaofunguka, itabidi ikatwe chini, na mlango wa mninga ukikatwa ovyo roho inauma. Aache sentimita mbili chini ya kila mlango wa chumba kinachosubiri.

Dada wa Sinza

Nimeelewa. Wifi naye ataelewa, mkeka wake si umepata kazi.

Mtoto wa Chanika

Nimemsomea, amecheka. Anauliza vyooni tuweke tailizi gani kwa ajili ya mama.

Mama Pacha

Isiyong'aa! Ile ya kung'aa ikipata maji na sabuni ni hatari hata kwa kijana. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliteleza akivuka kizingiti cha bafu, nyonga ikavunjika, hakutembea sawasawa tena.

Muuza Duka K/koo

Omba za 30 kwa 30 zenye uso mkavu, za chooni. Tailizi ndogo zina mistari mingi na mguu unashika. Baadhi ya maboksi ya nje yameandikwa R na namba, R9 ndiyo inayoteleza zaidi, R10 na R11 zinashika zaidi. Kama hakuna maandishi, mwaga maji kidogo dukani, ukanyage na ndala uliyovaa. Mwenye duka akinuna, nenda duka la pili.

fundi_tegeta

Vyooni usikimbilie tailizi. Kwanza mteremko. Kuanzia mlangoni hadi kwenye tundu la maji sakafu ishuke sentimita moja na nusu mpaka mbili kwa kila mita. Choo chako kina mita mbili, kwa hiyo upande wa tundu uko chini kwa sentimita tatu au nne. Na sakafu yote ya choo iwe chini ya korido kwa sentimita mbili, maji yasije kutembea sebuleni. Kwa mama usimwekee kizingiti kirefu cha kuruka, tofauti hiyo ndogo inatosha kama mteremko upo.

Sakafu ikishapigwa dawa ya kuzuia maji, panda na dawa ukutani angalau sentimita 15, na upande wa kuogea zaidi. Ziba tundu kwa kitambaa na nailoni, jaza maji yafunike sakafu nzima, weka alama ya penseli ukutani yalipofikia. Kesho yake angalia alama, kisha toka nje uangalie ukuta chini. Yakipungua zaidi ya yale yanayoliwa na hewa, kuna mahali panavuja na umepajua kabla hujazika chini ya tailizi.

Tailizi zikishabandikwa, kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho, chota ndoo moja ya maji ukamwage mlangoni kwa mkupuo. Simama uangalie. Maji yote yaende kwenye tundu yenyewe bila fagio. Kuna choo niliitwa Bunju, tailizi nzuri mno, za bei, maji yanakwenda kujikusanya nyuma ya sinki la kukalia na kutuama pale. Mwenye nyumba kila akioga anayasukuma kwa mpira. Fundi alishalipwa, simu haipatikani.

Mshamba wa Mjini

Simu ya fundi aliyelipwa yote haijawahi kupatikana tangu dunia iumbwe.

Fundi Saidi wa Mbagala

Sisi wengine tunapokea bwana.

Mzee wa Upanga

Mmesahau terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya marumaru. Majumba ya zamani ya Upanga na Posta yana terazo tangu tukiwa wadogo, unasugua kwa mashine inarudi mpya. Mwenye fedha sebuleni afikirie.

Mhandisi Mstaafu

Kweli mzee mwenzangu, lakini inataka chipsi za marumaru, vipande vya kugawia, mashine ya kusaga na fundi anayeijua. Kwa fedha aliyotaja kijana na Desemba inayomkimbiza, si sasa.

Mtoto wa Chanika

Wakuu, nimerudi na mrejesho, maana nyuzi nyingi humu mwenye shida anapotea akishasaidiwa.

Fundi wa kwanza tumeachana kwa amani. Kipimo cha nailoni nilifanya vyumba vitatu: viwili vikavu, dainingi palikuwa na ukungu mwembamba wa maji. Kumbe bomba la nje lilikuwa linavuja karibu na msingi upande huohuo. Limezibwa, nikarudia kipimo, pakavu.

Sakafu ya kusawazisha imepigwa nyumba nzima, mifuko iliyokwenda ni 30. Mchanga ulikuwa wa mto, ule wa baharini niliukataa ingawa mwenye lori alikuja na bei ya kunitoa machozi. Kabla ya kumwaga, jamvi lilichokolewa, likafagiwa, likalowanishwa na kupakwa uji wa saruji ili vishikane. Tukamwagia maji asubuhi na jioni wiki nzima, zamu ya jioni alikuwa anashika mama mwenyewe na mpira, hataki mtu amguse.

Mgawanyo uko hivi. Vyoo vyote viwili, jiko na korido vinapata tailizi sasa, ni mita za mraba 22.2. Vyumba viwili vya watoto na cha mama ni niru nyekundu ya moja kwa moja, BintiUnguja chukua maua yako. Mama tumempa masta kwa sababu choo kiko ndani, sisi tunachukua chumba kimoja cha watoto na wao watabanana kingine. Sebule na dainingi zimesuguliwa kwa ubao na zinasubiri, mkeka wa mistari ya mbao utatandikwa zikishakauka. Mpaka hapo tutakaa na mkeka wa ukindu na viti vya plastiki.

Ndoo ya maji nilimwaga kwenye choo cha familia mbele ya fundi. Yalienda yote, isipokuwa kijidimbwi cha kiganja pembeni. Aling'oa tailizi tatu bila kubisha akarekebisha, kwa sababu hela ya mwisho ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Swali la mwisho halafu nawaacha: grauti (ya kujaza mistari kati ya tailizi) ya jikoni na korido, tailizi ni krimu. Mke anataka nyeupe, fundi anasema kijivu.

Mama Pacha

Kijivu. Nyeupe jikoni ni miezi miwili, mafuta ya kukaangia yakishaingia haitoki hata kwa mswaki.

fundi_tegeta

Kijivu hafifu, ukutani nyuma ya sinki mpe mkeo nyeupe yake. Subiri siku nzima tailizi zishike kabla ya kupaka. Na ile nafasi ya kando ya ukuta usiijaze grauti, iache wazi, skatingi ije juu yake. Boksi moja la kila aina liweke juu ya kabati likiwa na karatasi yake ya namba, siku bomba likipasuka ukutani utanitafuta.

Mshamba wa Mjini

Kuhamia lini tuje kula pilau?

Mtoto wa Chanika

Jumamosi ya pili ya Desemba, panapo majaliwa. Viatu mnavua barazani.